Miaka ya themanini iliisha lini Mbeya? Shika bega la koti

Chukua koti lolote la zamani linaloning'inia nyuma ya mlango, iwe Uyole, Makambako au Njombe. Libane bega kati ya kidole gumba na vidole viwili. Ukikuta kitu kinene cha robo tatu ya inchi au zaidi, kilichojaa upande wa mkono na kuwa chembamba kuelekea shingoni, umeshika miaka ya themanini. Kazi inayobaki ni kujua koti hilo lilivaliwa hapa kwa mara ya kwanza mwaka gani, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa miaka mitano, hata kumi.

Kalenda ilifunga themanini usiku wa tarehe 31 Desemba 1989. Nguo hazikufunga siku hiyo. Kwa Nyanda za Juu Kusini mtindo tunaouita wa themanini ulichelewa kuingia na ukachelewa kutoka. Ukikagua mshono, kitambaa na picha kwa utulivu, utaona kwamba mjini Mbeya na Iringa uliisha kati ya 1994 na 1998, na kwenye baridi ya Njombe na Makete ukasogea mbele zaidi ya hapo. Wapo wanaosema ni kwa sababu watu wa huku walikuwa nyuma. Si kweli, na ni dharau. Sababu ni urefu wa safari ya nguo, kutoka kwa aliyeinunua dukani Ulaya mpaka kwa aliyeichagua soko la Mwanjelwa, Mbeya.

Huku kwetu kulikuwa na themanini mbili: ya fundi na ya belo, yaani furushi la mitumba.

Ya fundi ndiyo iliyotangulia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, viwanda vya nguo vikakosa vipuri na kemikali, na kitambaa kikawa kitu cha kusubiriwa kwenye foleni ya duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, au la ushirika. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye robo tatu ya jora chumbani mwake alikuwa na la kujieleza. Kwa hiyo katika picha nyingi za hapa za kati ya 1980 na 1984, kilichovaliwa ni kitambaa cha miaka ya sabini kilichofumuliwa na kushonwa upya. Bugaluu, suruali iliyopanuka chini, ya tetroni au krimplini (vitambaa vya poliesta) haikutupwa. Ilipelekwa kwa fundi ipunguzwe chini.

Kupunguza bugaluu ndiko kulikowashughulisha mafundi wa miaka ile, na mpaka leo picha inaweza kukuonyesha nani alipata fundi mzuri. Tuseme chini ina inchi 26 kwa mzunguko na mteja anataka 18. Zinatoka inchi 8. Suruali ina kingo nne kwa kila mguu: mbele ndani, mbele nje, nyuma ndani, nyuma nje. Kila ukingo unatoa inchi 2, ukianzia sifuri inchi moja au mbili juu ya goti na kushuka kwa mstari ulionyooka. Fundi mvivu alifumua mshono wa nje peke yake, akatoa inchi 4 kila upande wa mshono huo, akafunga. Mstari wa pasi ukahama. Mguu ukawa unajipinda kuelekea nje, na mvaaji akisimama wima kwenye picha utaona mkunjo wa mbele haushuki katikati ya kiatu, unakimbilia kidole kidogo. Ukiona hivyo, hiyo ilikuwa bugaluu, na picha huenda ni ya miaka ya mwanzo ya themanini.

Kuna kosa la pili ambalo si rahisi kuliona. Sehemu inayokunjwa ndani kwenye pindo lazima ikatwe kama kioo cha sehemu iliyo juu yake. Mguu ukiwa unabanwa kuelekea chini, basi chini ya mstari wa pindo kitambaa kinatakiwa kipanuke tena. Fundi akikata moja kwa moja, pindo likikunjwa linakuwa dogo kuliko mguu, linavuta, na suruali inakuwa na vijikunjo vidogo juu ya kiatu. Pasi haiviondoi. Tetroni yenyewe ni ya plastiki. Mkunjo uliowekwa na joto kali unabaki, ndiyo maana suruali nyingi zilizopunguzwa zilikuwa na kivuli cha mstari wa zamani wa pasi kando ya mstari mpya. Kitambaa cha pamba ungekilowesha kwa siki iliyochanganywa na maji, ukapiga pasi, mstari ukafifia. Kwa tetroni siki haina kazi.

Pasi ya mkaa nayo ina mchango wake. Haina kipima joto, na ikizidi kwenye tetroni kitambaa kinang'aa kama kilichopakwa mafuta. Mng'ao huo hautoki, kwa sababu nyuzi zenyewe zimeyeyuka kidogo na kulala. Mafundi waangalifu walitandika kitambaa chenye unyevu juu yake kwanza. Ukikuta suruali ya zamani inang'aa kwenye mishono ya pembeni tu, ilipigwa pasi moja kwa moja baada ya kupunguzwa.

Upande wa heshima kulikuwa na Kaunda suti: koti la mikono mifupi na suruali ya kitambaa hichohicho, jina limetoka kwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, jirani yetu wa Tunduma. Nguo hiyo si kipimo kizuri cha miaka. Ilivaliwa kabla ya themanini na ikaendelea kuvaliwa baadaye, na umbo lake halikubadilika vya kutosha. Mwenye Kaunda suti kwenye picha muache, tazama aliyesimama pembeni yake.

Themanini ya belo ilianza na bajeti ya Juni 1984. Serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akashika urais, watu wakampa jina la Mzee Ruksa, na nguo za mitumba zikaanza kuingia kwa wingi. Zamani ziliitwa kafa Ulaya, na wengi walizipata kupitia misheni. Sasa zikaja kama biashara, zimefungwa kwenye belo, zikapanda kwa barabara ya Tanzam na kwa reli ya TAZARA. Sisi wa kusini tulikuwa na milango mingine miwili: Tunduma, ambako upande wa Zambia nguo hizohizo zinaitwa salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua na kuchagua kwenye lundo, na Kasumulu, ambako Wamalawi wanaziita kaunjika.

Sasa hesabu safari. Mtu wa Ulaya au Marekani ananunua koti la mabega mapana mwaka 1986, wakati mtindo umepamba moto. Analivaa misimu mitatu. Linakaa kabatini mpaka atakapochoka kuliona. Analitoa sadaka, linapelekwa kwenye ghala la kuchambulia, linafungwa kwenye belo, linapakiwa kwenye kontena, linashuka bandarini, linauzwa kwa jumla, linapanda mlima Kitonga, linafunguliwa mezani Mlandege ya Iringa au Mwanjelwa. Ukiweka miaka minne mpaka saba hujakosea sana. Koti la 1986 la London ni koti la 1991 au 1992 la Mbeya. Na aliyelinunua Mbeya alilivaa kama kitu kipya, akapigia picha ya harusi, akaenda nalo kanisani miaka mitano mingine. Hiyo ndiyo sababu albamu za hapa zinaonyesha mabega mapana zaidi miaka ya tisini kuliko ya themanini yenyewe.

Bega lenyewe linastahili kuelezwa, maana ndilo kipimo kinachoaminika kuliko vyote.

Koti la kawaida la kiume lina pedi ya bega isiyozidi nusu inchi. Kazi yake ni kusawazisha mteremko wa bega tu. Koti la themanini, hasa la kike, lina pedi ya robo tatu mpaka inchi nzima, na inatokeza kidogo kupita mshono wa bega ili kuinua kichwa cha mkono. Za kiwandani zilikuwa za aina mbili. Moja ni ya pamba au nyuzi zilizoshindiliwa, ambayo inadumu. Nyingine ni ya sponji, na sponji ina ugonjwa wake: unyevu wa hewa unaivunja pole pole, inageuka njano, inakuwa nata, mwisho inasagika. Ukifua koti la zamani ukakuta maji yana chenga za njano kama unga wa mahindi, si uchafu. Ni pedi inakufa. Usiendelee kusugua, kwa sababu chenga zinaingia kati ya bitana na kitambaa na hazitoki tena. Fumua bitana kwapani, toa pedi nzima kwa mkono, kung'uta, ndipo ufue.

Mafundi wa hapa hawakukaa kusubiri mtumba. Walipoona mabega hayo yanapendwa walitengeneza pedi zao. Godoro chakavu la sponji lilikatwa pembetatu yenye msingi wa inchi 6 na urefu wa inchi 4, kona zikazungushwa. Tabaka tatu zikapangwa kama ngazi, kila moja ndogo kuliko ya chini yake kwa nusu inchi, zikafunikwa na kipande cha bitana. Wengine walitumia mabaki ya kitambaa yaliyokunjwa. Pedi ya mabaki ndiyo iliyoharibu magauni mengi: ikifuliwa inakusanyika upande mmoja na kuwa donge, na pasi haiwezi kulitandaza. Kuishona kuzunguka ukingo wote nako ni kosa. Pedi inatakiwa ishikwe sehemu tatu tu kwa uzi uliolegea, mbili kwenye mshono wa bega na moja kwenye mshono wa mkono. Ukiikaza kote, kitambaa cha juu kinapopungua baada ya kufuliwa pedi haipungui nacho, na bega linakunjamana.

Basi unatofautishaje koti la fundi wa hapa na la belo? Geuza ndani. La belo lina lebo ya maelekezo ya kufua kwenye mshono wa ubavu, na matundu ya vifungo yaliyoshonwa kwa mashine maalumu, yenye jicho la mviringo mbele. La fundi halina lebo, matundu yameshonwa kwa mkono au kwa zigizaga ya cherehani, na mfuko wa ndani umekatwa kwenye kitambaa chochote kilichokuwapo, pamba ya marekani au hata mfuko wa unga wa ngano. Ukibaki na shaka, chomoa uzi mmoja wa kitambaa na uuchome. Tetroni inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Pamba inaungua kama karatasi, jivu laini. Sufu inanuka nywele iliyoungua na kijidonge chake kinasagika kwa vidole. Sufu halisi yenye pedi nene kwa kawaida ni ya belo, maana mafundi wa hapa wakati ule walipata kitambaa cha sufu kwa nadra.

Lebo ikibaki, isome vizuri. Imeandikwa W. Germany? Nguo ilitengenezwa kabla ya 3 Oktoba 1990, siku Ujerumani mbili zilipoungana. Imeandikwa Czechoslovakia? Kabla ya 1993. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya kiwanda, na kufika hapa ongeza miaka yako minne mpaka saba. Zipu usiitegemee. Zipu za chuma zilikuwapo kabla na zipo mpaka sasa, na mafundi walizihamisha kutoka nguo moja kwenda nyingine bila kuacha alama.

Jinzi ina kipimo chake, nacho ni kina, yaani kutoka kiunoni mpaka kwenye njia panda ya mbele. Ya themanini ina inchi 11 mpaka 12, inapita kitovu, paja limejaa kiasi, na chini imebanwa mpaka inchi 14 au 15. Zile zilizopaushwa kwa madoa meupe kama mawingu ni za nusu ya pili ya muongo kwa huko zilikotoka. Zilipofika kwenye meza za hapa, bendi za Dar zilikuwa bado zinapiga dansi na Redio Tanzania bado ilikuwa peke yake hewani.

Sasa mwisho. Ulikuja kwa njia mbili zilizokutana katikati ya miaka ya tisini.

Ya kwanza ni hesabu ileile ya safari. Huko nje pedi zilianza kupungua mwanzoni mwa tisini na suruali zikaanza kupanuka. Ongeza miaka mitano. Kufikia 1996 hivi mabelo yalianza kutoa jinzi pana, mashati makubwa yasiyo na umbo, jaketi za michezo na kepu. Mchuuzi hakuamua kubadilisha mtindo. Belo liliamua, yeye alikata kamba tu.

Ya pili ni macho. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, Zanzibar ikiwa imetangulia kwa miaka ishirini. Mwaka huohuo redio za binafsi zilianza Dar es Salaam. Mawimbi yalichelewa kupanda milima, lakini kanda za VHS zilipanda basi. Kijana wa mitaa ya Soweto au Mwanjelwa, Mbeya, akaanza kuona kinachovaliwa mwaka huu, si kilichovaliwa miaka sita iliyopita. Kabla ya hapo, belo lenyewe ndilo lilikuwa gazeti la mitindo. Sasa kukawa na kitu cha kulilinganisha nalo, na siku mtu alipoweza kulinganisha, koti la mabega likawa la baba.

Alama ya wazi kabisa ipo mezani kwa fundi. Kwa miaka kama kumi wateja waliomba kuwekewa pedi. Kisha wakaanza kuleta makoti yatolewe pedi. Hapo ndipo naweka mwisho wa themanini, na nitabishana na yeyote anayeweka kwingine. Mtindo haufi unapoacha kununuliwa. Unakufa mtu anapolipa hela kuufuta kwenye nguo aliyonayo tayari.

Kuutoa hakukuwa rahisi. Wengi walidhani kutoa pedi ni kufumua bitana na kuchomoa sponji, basi. Fanya hivyo kwenye koti lenye pedi ya inchi moja uone: bega linaanguka, kichwa cha mkono kinalala juu ya mkono kama shavu la mgonjwa, na mbele ya kwapa kunatokea mkunjo wa mshazari. Koti lilikatwa kwa ajili ya bega la juu. Ukiondoa inchi moja ya urefu lazima uiondoe na kwenye kitambaa.

Kazi kamili inakwenda hivi. Mvalishe mteja koti likiwa limeshatolewa pedi, bana kwa pini kwenye mshono wa bega mpaka lilale. Kwa pedi ya inchi moja utakuta kitambaa cha kutoa ni karibu robo tatu inchi mbele na kiasi kilekile nyuma kwenye ncha ya bega, kikiisha kuwa sifuri shingoni. Usiguse shingo, maana ukiigusa kola haitakaa. Weka alama kwa chaki. Kisha pima upana wa bega: koti la themanini huwa limepita bega la mtu kwa inchi moja hata moja na nusu, kwa hiyo toa mkono kuanzia alama ya mbele ya kwapa kupita juu mpaka ya nyuma, ukiuacha umeshikwa chini. Kata bega jipya. Kichwa cha mkono nacho kishushwe kwa kiasi cha pedi uliyotoa, la sivyo utakuwa na kitambaa kingi kuliko tundu, na utalazimika kukirundika kwa vijikunjo. Mkono mzuri una ziada ya inchi moja tu, inayogawanywa kwa mvuke na vidole bila kuonekana. Rudisha mkono kwa kushikiza kwanza kwa uzi, mvalishe tena, uone kama unaning'inia wima, ndipo upige cherehani. Pedi nyembamba ya robo inchi irudishwe. Koti lisilo na pedi kabisa lilikuwa linaonekana kama limeazimwa.

Mafundi waliofanya hivyo kwa ukamilifu walikuwa wachache, kwa sababu ni kazi ya nusu siku na mteja alitaka kulipa bei ya kuchomoa tu. Ndiyo maana picha nyingi za 1996 mpaka 1999 zina makoti yenye mabega yaliyolala. Hizo ni picha za mpito, na ni rahisi kuzitambua ukishajua unatafuta nini.

Baridi iliharibu mpangilio huu kwa kiasi fulani. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na Kitulo inapita 2,600. Juni na Julai kule koti si pambo. Koti zito la sufu lenye mabega mapana ambalo Dar lingeuzwa kwa bei ya kutupwa, Njombe na Makete lilikuwa mali, na mtu halifumui koti linalomkinga na umande wa asubuhi ili apendeze. Kwa hiyo ukiona bega pana shambani kwenye viazi, usikimbilie kusema ni 1990. Laweza kuwa la 2005. Mtindo ulikuwa umekufa. Koti lilikuwa zima.

Mtego mwingine ni sare za kwaya. Magauni ya mikono ya pafu, kola pana ya rangi tofauti na mkanda kiunoni yalidumu kwenye kwaya muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Sare hushonwa kwa mkupuo, watu thelathini au arobaini, na mwanakwaya mpya anashonewa ifanane na wenzake. Hivyo sampuli ya mwaka mmoja inazaa nakala kwa miaka kumi. Picha ya kwaya usiipime kwa sare. Pima kwa viatu vya wanaume na nywele za akina mama.

Nywele, basi, kwa kifupi. Kalikiti, mtindo wa nywele za mawimbi, ilikuwa kazi ya hatua mbili: dawa ya kwanza inalegeza nywele, zinazungushwa kwenye vijiti, dawa ya pili inazifunga kwenye umbo jipya. Baada ya hapo ilitaka maji ya glisirini kila siku. Huku iliteseka. Glisirini huvuta unyevu, na hewa ikiwa kavu, kama ilivyo hapa kuanzia Juni mpaka Septemba, inauvuta kutoka kwenye nywele yenyewe. Zikakatika. Mwenye kalikiti aliongeza mafuta, mafuta yakaishia kwenye kola. Tetroni inashika mafuta kuliko pamba, kwa hiyo kola yenye doa jeusi linaloanzia nyuma ya shingo na kuzunguka ni ushahidi kuliko picha. Suka za rasta zilipoenea, glisirini ikabaki kwa wachache.

Sauti ilichelewa kuliko vyote. Kaseti ya C60, dakika thelathini kila upande, iliendelea kuuzwa na kunakiliwa hapa mpaka baada ya mwaka 2000, na nyimbo za kwaya na za dansi za themanini zilisafiri humo. Kwa hiyo mtu akiniambia themanini iliisha muziki ulipobadilika, namwambia muziki mpya ulikuja kwenye kanda ileile. Kama una kanda hizo, zikague kabla ya kuzicheza. Mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zinaleta ukungu: unga mweupe kwenye ukingo wa utepe unaouona kupitia kidirisha. Kanda yenye unga huo usiitie kwenye redio kaseti unayoitumia, utauhamishia kichwani na kwenye kanda nyingine zote. Kama ni safi, izungushe mpaka mwisho na kurudi mara moja kabla ya kusikiliza ili tabaka zilizogandana ziachane, angalia kama kile kipande kidogo cha sufu kinachosukuma utepe kwenye kichwa bado kipo, kwa maana gundi yake hukauka na kudondoka, na safisha kichwa kwa spiriti na pamba. Sauti ikiwa nzito kama inatoka chini ya blanketi, kipande hicho kimedondoka au kichwa kimepinda. Skrubu ndogo kando ya kichwa izungushwe robo kwa robo huku ukisikiliza mpaka matoazi yafunguke.

Zimebaki picha, maana mwisho wa yote watu wanakuja na picha. Ya mraba, nyeusi na nyeupe, yenye ukingo mweupe, imetoka kwenye filamu pana ya picha kumi na mbili, kamera ya studio. Hiyo mara nyingi ni ya themanini ya fundi au kabla. Ya rangi, ya mstatili, imetoka kwenye filamu ya 135. Ikiwa imekaa gizani kwenye albamu na imegeuka nyekundu, ni kwa sababu rangi ya samawati ndiyo iliyokufa kwanza, na karatasi za zamani zina ugonjwa huo zaidi. Tarehe ya rangi ya chungwa iliyochapwa kwenye kona usiiamini peke yake: kamera ikiishiwa betri ilirudi kwenye tarehe ya kiwandani na kuanza kuhesabu upya, na wenye kamera wengi hawakujua kuiweka sawa.

Kwa picha za upande wa Kyela na ng'ambo ya mto Songwe kuna kipimo cha bure. Malawi ilikuwa na sheria ya mavazi ya 1973 iliyokataza wanawake kuvaa suruali na wanaume kuvaa bugaluu, na haikuondolewa mpaka mwanzoni mwa tisini, utawala wa Rais Kamuzu Banda ulipokuwa unaelekea ukingoni. Picha ya mwanamke wa Karonga, Malawi, akiwa kwao, amevaa jinzi ya kiuno cha juu, si rahisi iwe ya themanini hata jinzi yenyewe ikiwa ya 1985.

Jaribu na hii, ambayo ipo karibu kila nyumba ya huku. Mwanamke amesimama mbele ya ua, picha ya rangi. Koti la sufu la rangi ya zambarau, mabega yamepita mwili wake, chini kitenge, miguuni raba. Mikono ya koti imekunjwa mara moja kwa sababu ni mirefu, kwa hiyo si la fundi, ni la belo. Bega limesimama, halijalala, kwa hiyo pedi bado ipo na haijapondeka. Nywele zimesukwa, hakuna doa kwenye kola. Nyuma yake kijana amevaa kepu na jinzi iliyojaa chini mpaka imefunika kiatu. Kwa koti peke yake ungesema 1991. Kijana anakwambia si kabla ya 1996. Mfuate kijana, kisha geuza picha uangalie kama kuna mhuri wa studio nyuma.